USHURU WA FORODHA NA KODI KWA VITU VIPITAVYO MPAKANI KWA POSTA
Mambo Yampasayo Katibu wa Chama cha Msingi Kuyafahamu

Sampuli ya kahawa mbichi yenye uzito wa gramu 300 ni kitu kidogo kinachoweza kubebwa kwa mkono mmoja, lakini ndani yake mna kazi ya msimu mzima ya wakulima wengi. Sampuli hiyo ikizuiwa katika ofisi ya forodha ya nchi ya mnunuzi kwa sababu karatasi yake ilijazwa vibaya, mnunuzi hatangoja. Ataonja kahawa ya wengine na kuwapa wengine mkataba. Vivyo hivyo, kipuri cha mashine ya kumenya kahawa kikikaa posta majuma matatu kwa kuwa chama hakikutenga fedha za ushuru, matunda yaliyokwisha kuchumwa huchacha, na daraja la kahawa hushuka. Hasara za namna hii huwaangukia wanachama wote, ingawa chanzo chake huwa ni mstari mmoja ulioachwa wazi katika fomu.

Kwa sababu hiyo yafaa kila katibu wa chama cha msingi, na kila mjumbe wa bodi anayeidhinisha malipo, aelewe jinsi vitu vinavyopelekwa au kuletwa kwa posta vinavyotozwa ushuru na kodi.

Nauli ya posta si ushuru

Kosa la kwanza ambalo wengi hulifanya ni kudhani kwamba stempu zikishabandikwa, malipo yote yamekwisha. Nauli ya posta ni malipo ya kukichukua kifurushi kutoka mahali pamoja hadi pengine, wala haihusiki kabisa na kodi za serikali. Kifurushi kinapovuka mpaka, malipo ya namna tatu yaweza kudaiwa.

Kwanza ni ushuru wa forodha, ambao hutozwa kwa sababu bidhaa imeingia nchini kutoka nje. Pili ni kodi za ndani, hasa kodi ya ongezeko la thamani, ambayo hutozwa ili bidhaa ya kigeni isiuzwe bila kodi wakati bidhaa ya nyumbani inatozwa. Tatu ni ada ya posta au ya kampuni ya vipeto kwa kazi ya kukifikisha kifurushi mbele ya maofisa wa forodha. Mikataba ya Umoja wa Posta Duniani inaziruhusu posta kutoza ada hiyo ya tatu. Kampuni za vipeto nazo mara nyingi huilipia serikali kwanza, kisha humdai mpokeaji fedha hizo pamoja na ujira wao.

Isipokuwa pande mbili zimepatana vingine, mwenye kulipa malipo haya yote ni mpokeaji. Kwa hiyo chama kinachoagiza kitu kutoka nje hakina budi kuyahesabu kabla ya kuagiza, na chama kinachopeleka kitu kwa mnunuzi hakina budi kumwarifu mapema. Mnunuzi anayeshtukizwa na dai la kodi asiyoitarajia aweza kukikataa kifurushi, nacho kitarudishwa, mara nyingi kwa gharama ya mpelekaji.

Utaratibu huu ulikotoka

Umoja wa Posta Duniani ulianzishwa mjini Bern, Uswisi, mwaka 1874, na tangu mwaka 1948 umekuwa shirika maalumu la Umoja wa Mataifa. Tanganyika ilijiunga nao mwaka 1963. Umoja huo ndio uliozipa nchi zote fomu za namna moja, hata karani wa posta aliyeko Moshi na ofisa wa forodha aliyeko Hamburg wakawa wanasoma karatasi ileile. Lakini Umoja huo haupangi ushuru. Ushuru ni haki ya kila nchi, au ya jumuiya ya nchi zilizokubaliana kuutoza kwa pamoja.

Wazee wa ushirika wanakumbuka kwamba zamani Afrika Mashariki ilikuwa na shirika moja la posta na idara moja ya forodha. Hata hivyo, chini ya Mkataba wa mwaka 1967 baadhi ya bidhaa zilitozwa kodi maalumu zilipohamishwa kutoka nchi moja ya Jumuiya kwenda nyingine. Jumuiya hiyo ilivunjika mwaka 1977, na kila nchi ikabaki na posta yake na forodha yake. Mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa sahihi mwaka 1999. Itifaki ya Umoja wa Forodha ilitiwa sahihi mjini Arusha mwezi Machi 2004, na ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2005. Tangu hapo nchi wanachama zinafuata sheria moja ya usimamizi wa forodha, yaani Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004.

Jinsi ushuru unavyokadiriwa

Ofisa wa forodha huuliza maswali matatu: kitu hiki ni nini, kimetoka wapi, na kina thamani gani?

Swali la kwanza hujibiwa kwa namba. Kila bidhaa duniani ina namba yake katika orodha ya Shirika la Forodha Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 1988. Tarakimu zake sita za kwanza ni sawa katika nchi zote zinazoifuata orodha hiyo. Kahawa mbichi isiyotolewa kafeini, kwa mfano, ni 0901.11, na kahawa ya namna hiyo ikishakaangwa huwa 0901.21. Namba ndiyo inayoamua kiwango cha ushuru.

Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, malighafi na mashine za uzalishaji kwa kawaida zina kiwango cha asilimia 0, bidhaa zilizotengenezwa nusu asilimia 10, na bidhaa zilizokamilika asilimia 25. Tangu tarehe 1 Julai 2022 kumeongezwa kiwango cha nne cha asilimia 35 kwa baadhi ya bidhaa zilizokamilika. Zipo pia bidhaa chache zinazolindwa zaidi, ambazo ushuru wake hupita hapo. Aidha, kila mwaka nchi wanachama huweza kuruhusiwa kutumia kiwango tofauti kwa bidhaa fulani kwa muda maalumu. Kwa hiyo haifai katibu ategemee kiwango alichokilipa mwaka jana. Aulize ofisi ya forodha kabla ya kuagiza.

Kuhusu thamani, msingi wake ni bei iliyolipwa, ambayo huongezwa bima na gharama za kuifikisha bidhaa nchini. Lakini Sheria ya Forodha ya Jumuiya inaelekeza kwamba kwa bidhaa iliyoletwa kwa ndege, nauli ya ndege haiongezwi katika thamani ya kutozea ushuru. Hapa pana faida kwa chama kilicho makini: ankara ya muuzaji ioneshe bei ya bidhaa peke yake na nauli ya ndege peke yake. Ankara yenye jumla moja tu humfanya ofisa ashindwe kuitenga nauli, na chama hutozwa ushuru juu ya nauli pia.

Mfano wa hesabu

Tuseme chama kimeagiza vipuri ambavyo thamani yake ya forodha ni shilingi 1,000,000. Kodi ya ongezeko la thamani ya Tanzania Bara ni asilimia 18, nayo hukokotolewa juu ya thamani ikishajumlishwa na ushuru. Hesabu itakuwa hivi:

Kiwango cha asilimia 0: ushuru hakuna, kodi ya ongezeko la thamani shilingi 180,000, jumla shilingi 180,000.

Kiwango cha asilimia 10: ushuru shilingi 100,000, kodi ya ongezeko la thamani juu ya shilingi 1,100,000 ni shilingi 198,000, jumla shilingi 298,000.

Kiwango cha asilimia 25: ushuru shilingi 250,000, kodi ya ongezeko la thamani juu ya shilingi 1,250,000 ni shilingi 225,000, jumla shilingi 475,000.

Juu ya hayo huja ada ya posta na tozo nyingine zilizowekwa na sheria za fedha za mwaka husika. Mfano huu unaonyesha mambo mawili. La kwanza ni kwamba asilimia 25 ya ushuru haina maana kwamba chama kitalipa asilimia 25. Katika mfano huu kimelipa asilimia 47.5. La pili ni kwamba tofauti kati ya kiwango cha chini na cha juu ni shilingi 295,000 kwa kifurushi kilekile. Muuzaji akiandika katika ankara neno “vipuri” bila maelezo, ofisa hana njia ya kujua kama ni sehemu za mashine ya kilimo au za gari dogo. Akiandika “sahani za kumenyea za mashine ya kahawa” pamoja na namba ya orodha, kazi ya ofisa huwa nyepesi na chama hupata kiwango kinachokistahili.

Chama kilichosajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani chaweza, kwa masharti ya sheria, kudai kurudishiwa kodi hiyo iliyolipwa kwa ajili ya shughuli zake zinazotozwa kodi. Ushuru wa forodha haurudishwi kwa njia hiyo, bali huwa sehemu ya gharama ya kitu.

Bidhaa kutoka nchi za Jumuiya

Wanachama wengi huuliza kwa nini kitu kilichonunuliwa Nairobi au Kampala kitozwe chochote, ikiwa nchi hizo zimo katika Umoja wa Forodha. Jibu lina sehemu mbili.

Bidhaa iliyozalishwa katika nchi ya Jumuiya kwa kufuata kanuni za uasili haitozwi ushuru wa forodha, mradi iambatane na cheti cha uasili wa bidhaa. Bidhaa iliyonunuliwa Nairobi lakini ikatengenezwa nje ya Jumuiya haipati nafuu hiyo kwa sababu tu duka liko Nairobi. Ofisa hutazama mahali ilipotengenezwa, wala si mahali iliponunuliwa.

Hata bidhaa yenye cheti bado hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya nchi inakopokelewa: asilimia 18 Tanzania Bara, asilimia 18 Uganda, na asilimia 16 Kenya. Kodi hiyo haikuondolewa na Umoja wa Forodha. Chama kinachonunua kwa muuzaji wa nchi jirani kimtake atoe cheti cha uasili kabla ya kupeleka kifurushi, kwani ni vigumu kukipata baada ya kifurushi kufika.

Kuijaza fomu ya forodha

Kipeto kidogo cha barua, ambacho uzito wake hauzidi kilo 2, hubandikwa fomu CN 22 ikiwa thamani yake haizidi vizio 300 vya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Thamani ikizidi hapo hutumika fomu CN 23. Vifurushi vikubwa hutumia CN 23. Anayejaza azingatie mambo yafuatayo:

1. Kila kitu kitajwe kwa jina lake, idadi yake na uzito wake. Maneno kama “bidhaa”, “sampuli” au “vitu mbalimbali” hayatoshi. Iandikwe “kahawa mbichi ya Arabika, sampuli ya kuonja isiyouzwa, gramu 300”.

2. Namba ya orodha ya forodha na nchi ya uasili viandikwe.

3. Thamani iwe ya kweli, na fedha itajwe kama ni shilingi, dola au euro. Hata sampuli isiyouzwa ina thamani, sifuri haikubaliki.

4. Sababu ya kupeleka ioneshwe kwa alama katika kisanduku chake: sampuli ya biashara, zawadi, bidhaa ya kuuzwa au kitu kinachorudishwa.

5. Jina, anwani na namba ya simu ya mpokeaji viandikwe kamili, ili ofisi ya forodha iweze kumwita.

6. Maagizo yaandikwe kuhusu kifurushi kisichoweza kupokewa, kama kirudishwe au kiachwe.

7. Mwenye kutia sahihi awe ameviona vitu vikifungwa.

Jambo la mwisho lina uzito. Mikataba ya posta inasema wazi kwamba posta haibebi dhamana kwa yaliyoandikwa katika tamko la forodha. Dhamana ni ya mpelekaji. Zaidi ya hayo, maelezo hayo sasa hupelekwa kwa njia ya kielektroniki kabla ya kifurushi kufika. Umoja wa Ulaya umeyataka hivyo tangu tarehe 15 Machi 2021. Karani wa posta anapoomba maelezo marefu ili ayaingize katika kompyuta, hamsumbui mwanachama. Anakinusuru kifurushi kisirudishwe.

Sampuli, zawadi na udanganyifu

Wapo wanaoshauri kwamba ili kukwepa kodi, kifurushi cha biashara kiandikwe “zawadi”, au thamani ipunguzwe. Ushauri huo ni mbaya kwa chama kwa sababu tatu.

Kwanza, hauna faida. Katika Umoja wa Ulaya, kwa mfano, msamaha wa zawadi ni kwa kitu kisichozidi euro 45 kitokacho kwa mtu binafsi kwenda kwa mtu binafsi. Chama cha ushirika si mtu binafsi, wala kampuni inunuayo kahawa si mtu binafsi. Kwa upande mwingine, sampuli ya kweli yenye thamani ndogo ina msamaha wake wenyewe, hivyo ukweli ndio wenye nafuu.

Pili, kifurushi kikipotea, chama hakiwezi kudai fidia ya shilingi 800,000 kwa kitu kilichotangazwa kuwa cha shilingi 40,000.

Tatu, ni kosa la jinai. Chini ya Sheria ya Forodha ya Jumuiya, tamko la uongo laweza kuleta kifungo kisichozidi miaka 3 au faini isiyozidi dola 10,000 za Marekani. Katibu anayetia sahihi thamani ya uongo ili kukiokolea chama fedha kidogo anajitia hatarini yeye mwenyewe, na anahatarisha jina la chama ambalo wanachama wamelijenga kwa miaka mingi.

Nchi za wanunuzi

Sheria za nchi za wanunuzi hubadilika, na mabadiliko hayo huwafikia wakulima wetu. Zamani Umoja wa Ulaya ulisamehe kodi ya ongezeko la thamani kwa vifurushi visivyozidi euro 22. Msamaha huo ulikwisha tarehe 1 Julai 2021. Marekani nayo ilisamehe ushuru kwa vifurushi visivyozidi dola 800, lakini tarehe 29 Agosti 2025 msamaha huo ulisimamishwa kwa nchi zote. Katika siku hizo posta za nchi nyingi zilisimamisha kwa muda kupokea vifurushi vya kwenda Marekani. Chama chenye mnunuzi huko kiulize posta na kimwulize mnunuzi kabla ya kufunga kifurushi.

Ujerumani ina kodi ya pekee ya kahawa. Kahawa mbichi haitozwi kodi hiyo, lakini kahawa iliyokaangwa hutozwa euro 2.19 kwa kilo, na kahawa ya unga inayoyeyuka euro 4.78 kwa kilo. Chama kinachopeleka Ujerumani kilo 5 za kahawa iliyokaangwa ili kutafuta soko, mpokeaji wake atadaiwa euro 10.95 za kodi hiyo peke yake, mbali na kodi ya ongezeko la thamani.

Kuhusu ushuru wa forodha, kahawa mbichi huingia Umoja wa Ulaya bila ushuru. Kahawa iliyokaangwa ina ushuru wa asilimia 7.5, lakini nchi zenye maendeleo duni, Tanzania ikiwa mojawapo, zimesamehewa ushuru kwa bidhaa zote isipokuwa silaha, mradi uasili uthibitishwe. Kwa shehena isiyozidi euro 6,000, mpelekaji aweza kuandika taarifa ya uasili katika ankara yake kwa maneno yaliyowekwa na kanuni, bila kusajiliwa kwanza. Taarifa hiyo isipoandikwa, nafuu haipatikani.

Isisahauliwe kwamba kulipa kodi si ruhusa ya kupeleka kila kitu. Mbegu na miche huhitaji cheti cha afya ya mimea, ambacho kwa Tanzania hutolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Kuhusu kahawa, Bodi ya Kahawa iulizwe mapema juu ya vibali vinavyotakiwa.

Vifaa vinavyopelekwa kutengenezwa

Kipimo cha unyevu kikiharibika na kupelekwa kwa mtengenezaji nje ya nchi, kitakaporudi kitaonekana kama kitu kipya kilichoagizwa, kisipokuwa na ushahidi. Kabla ya kukipeleka, chama kiombe ofisi ya forodha ikiandikishe kwa namba yake ya kiwandani, na nakala ya hati hiyo itunzwe. Bila hati hiyo, chama chaweza kulipia mara ya pili ushuru wa kitu ambacho ni chake tayari.

Chama kisiporidhika na makadirio

Makadirio ya ofisa wa forodha si amri isiyoulizwa. Sheria ya Jumuiya inampa mtu asiyeridhika haki ya kumwandikia Kamishna, katika muda wa siku 30 tangu uamuzi, akiomba uangaliwe upya na akieleza sababu zake. Kamishna naye ana siku 30 za kujibu tangu alipopokea maombi pamoja na maelezo yanayotakiwa. Asipojibu katika muda huo, maombi huhesabiwa kuwa yamekubaliwa. Asiyeridhika na jibu aweza kukata rufani katika baraza la rufani za kodi.

Haki hii haina nguvu bila karatasi. Katibu atunze katika jalada moja ankara, ushahidi wa malipo, nakala ya fomu ya forodha, hati ya makadirio na stakabadhi. Stakabadhi ya serikali na ile ya ada ya posta zitenganishwe, ili mkaguzi aone kodi ilikuwa kiasi gani na ujira ulikuwa kiasi gani.

Wajibu wa bodi

Kila bodi inapoidhinisha uagizaji wa kitu kutoka nje, iidhinishe pamoja nao fungu la ushuru, kodi na ada, likiwa limekadiriwa kwa kuuliza ofisi ya forodha. Fungu hilo lisipotumika lote, baki lirudi katika hesabu ya chama. Fedha ya ushuru ikitafutwa wakati kifurushi kimekwisha kufika, siku za kungoja huongeza gharama ya utunzaji, na mavuno hayamngoji mtu.

Wanachama nao wana haki ya kuuliza katika mkutano mkuu kwa nini kipuri cha shilingi 1,000,000 kimekigharimu chama shilingi 1,475,000. Katibu mwenye jalada kamili ataisoma hesabu mbele yao mstari kwa mstari, na kila mmoja atajua fedha yake ilikwenda wapi.